Mikono Hii Si ya Tauvela

11 Oktoba, Jumapili ya Watoto

Nimeficha jambo moja kwa miaka thelathini na miwili: mikono hii si ya Tauvela. Ni ya uvimbe.

Naandika upesi kabla sijabadili nia. Chini ya ubongo wa kila mtu kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Yangu iliota uvimbe, na uvimbe ukaiamuru mifupa yangu ikue wakati mwili ulikwisha kumaliza kukua. Taya likasogea mbele. Miguu ikavishinda viatu. Sauti ikashuka, na vidole vikanenepa kama ndizi za kupika. Nilipokuwa na miaka arobaini na mitano, mwalimu wa sayansi niliyepelekwa Auckland, New Zealand, kwa kozi ya miezi sita, daktari wa huko alinionyesha picha ya kichwa changu, kisha wakanipasua kupitia puani. Huku kwetu, kisiwani Savai'i, nilisema nilitibiwa mafua sugu.

Sasa jiwe. Mbele ya nyumba yetu kubwa, isiyo na kuta ila nguzo, lipo jiwe jeusi la volkano lenye shimo la umbo la kiganja. Wazee wetu husema Tauvela wa kwanza aliliegemea lingali la moto. Mwanamume wa ukoo ambaye mkono wake unalijaza shimo lile, huyo damu imerudi kwake, na huyo hupewa jina na kuketi mahali pa jina. Nililijaza nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Miaka mitano kabla ya hapo mkono huohuo ulikuwa ukielea mle kama mwiko ndani ya sufuria. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Walipiga makofi, nami nikaitwa Tauvela mpaka leo.

Mwezi wa Agosti daktari wa Apia, mji mkuu wetu ulio kisiwa cha pili, aliniambia masalia ya uvimbe yameota tena na moyo wangu umekuwa mkubwa na mchovu. "Mzee, usipange mambo ya mwakani," alisema. Nimemwambia dada yangu Salafai kwamba ni shinikizo la damu. Mwezi wa Januari ukoo utakutana kuchagua wa kushika jina baada yangu.

Leo, tukitoka kanisani, Poasa alinishika mkono kunivusha dimbwi. Poasa ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Eteuati. Ana miaka thelathini na sita, fundi seremala. Kidole chake cha pete kilikuwa na kovu jipya.

"Pete iko wapi?" nikamuuliza.

"Imekatwa kwa msumeno, baba mkubwa. Ilikuwa inakaba."

Salafai akashangilia hadi watoto waliovaa nyeupe wakageuka. "Mmesikia? Msumeno! Tauvela anarudi, na safari hii anarudi na njaa!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

12 Oktoba

Magoti. Sijamwambia.

15 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Mifupa iliijua tangu juzi.

Watu hudhani maumivu ni kitu kinachokuja na kuondoka. Yangu hayana pa kwenda. Yapo magotini ninapoamka, yakichoka hapo yanapanda kiunoni, na jioni yanakaa kwenye vifundo vya vidole kama wageni wasiojua kuaga. Nikilala nataka kukaa. Nikikaa nataka kusimama. Na kwetu mwenye jina hakai apendavyo: hukunja miguu mbele ya nguzo yake, kwa sababu kumnyooshea mtu nyayo ni kumtukana. Leo katika baraza la kijiji nilikunja miguu saa mbili nzima. Waliponiinua nilitoa sauti ambayo mchungaji alidhani ni "Amina", naye akaitikia.

20 Oktoba

Poasa amegonga nguruwe kwa pikapu yake. Nguruwe wa mchungaji.

"Alitokea wapi?" nikamuuliza.

"Hakutokea, baba mkubwa. Alikuwepo tu, ghafla. Kama aliyeshushwa kutoka mbinguni."

"Upande gani?"

"Kushoto." Akanitazama. "Upande una maana gani kwa nguruwe aliyekufa?"

Nilikuwa na siku nzima ya kumjibu, naye alikaa hadi saa kumi akinirekebishia mlango wa jiko. Alipiga msumari mmoja mara nne. Mara tatu alipiga ubao.

21 Oktoba

Sijamwambia.

4 Novemba

Palolo, minyoo wa baharini tunaowala mara moja kwa mwaka, wamepanda alfajiri, wachache. Fuatino, mke wa Poasa, ameniletea kijiko kimoja juu ya mkate. Utamu wake ni uleule wa utotoni. Magoti siyo.

9 Novemba

Nguruwe wa pili, safari hii upande wa kulia. Baraza la kijiji limemtoza faini ya mikeka miwili na katoni ya nyama ya kopo. Dukani wanasema Poasa ameacha ufundi, sasa anawinda kwa gari.

Jioni Fuatino alikuja na kakao ya moto, akakaa. Kwa miaka yote nimemwona huyu mwanamke kama mtu wa kuchekacheka, anayeongea mpaka chai inapoa. Leo alitazama sakafu.

"Baba, naomba nikuulize, usinicheke."

"Uliza, mwanangu."

"Nilipoolewa, Poasa alivaa viatu namba kumi na moja. Mwaka juzi kumi na mbili. Sasa kumi na nne, na vinatoka New Zealand kwa posta. Mtu mzima anakua miguu?"

Nikasema, "Damu ya Tauvela."

"Ndivyo wanavyosema wote. Lakini usiku anakoroma kama injini ya boti, halafu anaacha kupumua. Namhesabia. Anatoka jasho mpaka nageuza godoro. Na kichwa, baba. Anajifunga kitambaa kichwani anasema ni jua. Jua gani, na mvua hii?"

Alikuwa ameandika yote nyuma ya kalenda ya kanisa, mwezi baada ya mwezi. Mimi ndiye niliyesomea sayansi. Yeye ndiye aliyefanya kazi ya mwanasayansi.

Nilimwambia nitafikiri. Alinishukuru!

11 Novemba

Nimefikiri. Sijamwambia.

16 Novemba

Nilimwita Poasa nikasema tucheze mchezo wa darasani. Nilimkalisha mbele yangu.

"Tazama pua yangu. Usiiondolee macho."

"Nani awezaye kuiondolea macho pua hiyo, baba mkubwa? Imejaa nyumba."

"Mjinga wewe. Sasa niambie, vidole vingapi?"

Nikainua mkono wa kulia na wa kushoto mbali, kila mmoja upande wake, nikivichezesha vidole kama daktari wa Auckland alivyonichezeshea.

"Bado hujainua," akasema.

Nilikuwa nimeinua. Nikavileta ndani polepole, viganja hivi vikubwa kama sahani, naye akatabasamu akingoja. Vilipofika karibu na masikio yangu ndipo alipostuka. "Aa! Viwili. Umevificha wapi?"

Anaona kama mtu aliyeziba pande zote mbili za uso kwa mbao. Bado si giza. Bado.

Nilifungua kinywa nimwambie. Akaniwahi. "Baba mkubwa, Januari nikilijaza jiwe, nitalia mbele ya watu. Usinionee haya. Unajua walivyosema juu ya baba."

Najua. Eteuati alisema katika kikao cha ukoo kwamba mkono wake nao unalijaza jiwe, na akaomba jina tuligawane kama koo nyingine zinavyogawana. Nilikataa. Baadaye akapofuka, na kijiji kizima kikasema Tauvela wa kwanza mwenyewe amemtoa macho kwa kulitamani jina la kaka yake. Alikaa gizani miaka sita, akafa.

"Mkono wangu ukilijaza," Poasa akasema, "watajua hatukulaaniwa."

Leo sitaandika zaidi habari za Eteuati.

17 Novemba

Mvua. Nimetembea kutoka nguzo hadi nguzo ya nyumba tangu asubuhi. Nguzo ishirini na mbili. Salafai ananiambia nikae kabla sijatoboa sakafu.

2 Desemba

Maumivu yamenishinda, nikamruhusu Salafai anikande kwa mafuta ya nazi. Ana miaka themanini na moja na vidole vya chuma.

"Umeoza, Ioelu," akasema. Ananiita kwa jina la utoto tukiwa wawili tu.

"Taratibu, dada."

"Taratibu ni ya maharusi. Geuka." Akanikandamiza mgongo. "Mbona tangu Oktoba hutulii? Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Uzee."

"Mimi mzee kuliko wewe na ninatulia. Jambo liko tumboni. Litage."

Kwetu dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Neno lake hubariki na neno lake huangusha. Nimemwogopa maisha yangu yote kwa sababu nilidhani yeye ndiye mlinzi wa jiwe. Yeye ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote nilipolijaza. Nikamwuliza, kana kwamba natania, "Kama jiwe lingekuwa uongo, ungefanyaje?"

Akacheka. "Ningekaa juu yake nimenye magimbi. Geuka upande mwingine."

Sikulala kwa jibu hilo.

13 Desemba

Redio inasema kimbunga. Tumefunga paa kwa kamba. Poasa alipanda ngazi kufunga upande wa bahari, nami chini nikimwangalia anavyogeuza kichwa chote, kama bundi, kila anapotafuta kamba iliyo kando ya bega lake. Nilipiga kelele ashuke. Akadhani nahofia upepo.

14 Desemba

Kimbunga kimepita kusini. Migomba imelala. Sijamwambia.

25 Desemba

Nguruwe wa tatu, wa kwetu wenyewe, kwa hiyo tumemla. Mzaha ulikuwa mwingi. Poasa hakucheka, alikuwa amefunga kitambaa kichwani na macho ameyafumba kwa maumivu, huku Fuatino akinitazama mimi, si yeye.

3 Januari

Vidonge vimekwisha. Feri haikuvuka kwa sababu ya mawimbi. Mikono haikunjiki.

8 Januari

Kesho kikao. Wamelisugua jiwe kwa mchanga na maji ya bahari. Limeng'aa.

Nimejiuliza jambo moja mchana kutwa. Nikisema ni ugonjwa, jina langu litaanguka, na hilo naweza kulibeba, maana nakufa. Lakini nikisema ni ugonjwa wa Poasa, nimesema ni ugonjwa wa Eteuati. Na swali litakalofuata nalijua.

9 Januari

Nitaandika yote hata kama mkono unawaka.

Ukoo ulijaa nyumba kubwa, wengine wametoka Apia, wawili wametoka Auckland. Kikombe cha kava, kinywaji chetu cha mizizi, kilizunguka. Falaniko, msemaji wa ukoo wetu, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu, alisimulia nasaba hadi mvua ikakatika. Kisha akaita, "Poasa mwana wa Eteuati, toka ukaisalimu damu yako."

Poasa alipita kati ya watu. Alimkanyaga mtoto aliyekuwa ameketi kando, akaomba radhi, akagonga nguzo kwa bega. Wanawake wakacheka kwa mapenzi: nyumba haimtoshi tena! Akatoka, akapiga magoti penye jiwe, akainua mkono.

Nikanyoosha miguu.

Niliinyoosha mbele ya watu wote, nyayo zangu kubwa zikiwaelekea, kwa sababu bila kuinyoosha nisingeweza kusimama. Nikashika nguzo nikajivuta juu.

"Usiuweke," nikasema. "Poasa, usiuweke mkono wako humo."

Falaniko akatabasamu kama mtu anayemfunika mzee blanketi. "Mheshimiwa Tauvela, dawa zako ndizo zinazosema. Keti."

"Sina dawa kwa siku sita, Falaniko. Ni mimi ninayesema. Mikono hii ni ugonjwa. Kuna uvimbe ndani ya kichwa, unakuza mifupa. Unao ukubwa wa tunda dogo na unakaa chini ya njia za macho. Wangu ulinipa jina lenu. Wake unamla macho. Hao nguruwe hawakushuka mbinguni. Hawaoni walio kando yake!"

Nilikosea maneno. Nilitaka kusema kwamba Poasa ndiye asiyewaona. Lakini walielewa.

Poasa bado alikuwa amepiga magoti. Mkono ulikuwa hewani. "Baba mkubwa," akasema polepole, "nimengoja siku hii tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Watoto walinipigia mluzi njiani, mwana wa aliyelaaniwa. Leo ndiyo unaniambia mkono wangu ni kidonda?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi na baba?"

Mvua ilianza tena juu ya paa. Sikuweza kuitumia kama kisingizio cha kutosikia.

"Na baba yako," nikasema. "Ugonjwa. Si laana. Hapakuwa na laana."

Aliuteremsha mkono pajani, akaufunika kwa ule mwingine, akalia kwa sauti. Fuatino alikuwa amekwisha kufika kwake. Watu walianza kusema wote kwa pamoja: wa Auckland wakisema wamewahi kusikia ugonjwa huo, Falaniko akisema ukoo umeaibishwa, mzee mmoja akiuliza kama sasa jina ni batili na kama mikeka tuliyowapa watu siku ya kulitwaa itarudishwa.

Salafai alipiga sakafu kwa kiganja mara moja.

"Ioelu." Mbele ya watu wote, kwa jina la utoto. "Umejua lini?"

Nilimtazama dada yangu machoni.

"Mwezi wa Agosti," nikasema. "Daktari wa Apia."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kusimama. Kisha akamgeukia Poasa. "Jumatatu, feri ya kwanza. Wewe na mkeo. Jiwe halina miguu, litakungoja. Na wewe Falaniko, funga kinywa, mvua inaingia."

11 Januari

Wamevuka. Fuatino amebeba kalenda.

19 Januari

Simu kutoka Apia. Picha imeonyesha uvimbe. Atapelekwa ng'ambo. Daktari amesema macho yanaweza kuponywa kwa sababu wamewahi.

Wamewahi. Nimelirudia neno hilo kutoka nguzo hadi nguzo.

6 Februari

Hakuna aliyenivua jina. Wananiamkia kama zamani, hata zaidi. Mchungaji amehubiri juu ya mzee aliyejishusha ili kumwinua mwanawe. Watu waligeuka kunitazama kwa machozi. Nilitaka kutoka nje, miguu ikakataa.

20 Februari

Amepasuliwa. Yu hai. Mvua haikomi.

21 Februari

Salafai hanikandi tena. Anatuma mjukuu na chupa ya mafuta.

14 Machi

Poasa amerudi.

Aliingia akatembea moja kwa moja kati ya vikombe, chupa na mtoto mchanga aliyelala, hakugusa kitu. Nilimwinulia mikono pande zote mbili. "Viwili huku, vitatu kule," akasema kabla sijauliza. Tulicheka sana, na kicheko kikaniumiza mbavu zote.

Kisha akakunja miguu mbele yangu, akainamisha kichwa hadi sakafuni. "Baba mkubwa, ulilitupa jina lako ili nione. Na umemsafisha baba. Daktari wa Auckland amesema, mzee wangu angepata mtu mmoja tu wa kumwambia mapema, asingepofuka. Namshukuru Mungu kwamba mimi nilikupata wewe."

Nikamwekea mkono kichwani. Ndivyo nilivyofanya. Nilimbariki.

15 Machi

Asubuhi hii mvua imekatika, na sina tena kelele za paa za kujifichia. Poasa, daftari hili ni lako. Nimemwambia Salafai akupe leo, si nikifa, leo. Hakuniuliza lina nini.

Sikujua mwezi wa Agosti. Nilijua miaka thelathini na miwili iliyopita, na daktari aliyenipasua aliniambia siku naondoka: ndugu zako wa damu, waambie, wachunguzwe. Miaka mitano baadaye Eteuati alinijia na mikono yake mikubwa na kichwa kinachomuuma, akaniuliza, "Kaka, wewe umesoma, hiki ni nini?" Nikamwambia ni damu. Kama yake ingekuwa ugonjwa, yangu ingekuwa nini?

Unaikumbuka alfajiri ile ya mkeka, kwa sababu wewe ndiye uliyemwongoza njia. Alikuwa amepofuka miezi mitatu. Alikuja kuomba msamaha kama tunavyouomba sisi: akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya nyumba yangu, akajifunika mkeka mwororo wa bibi yetu, akangoja bila neno, maana aliambiwa nikimsamehe, Tauvela wa kwanza atamrudishia macho. Wewe ulipiga magoti ubavuni mwake, chini ya mkeka huohuo. Niliwaona tangu giza, nikawaacha mpaka jua lilipowapata, ili kijiji kione.

Ndipo nikatoka, nikauinua mkeka, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba nimemsamehe. Eteuati hakuwa na kosa lolote, nami nilijua.